Kitunguu Ndani ya Nyama

El Reno ni mji mdogo wa jimbo la Oklahoma, Marekani, magharibi ya Oklahoma City. Reli ya Rock Island ilikuwa na karakana kubwa hapo, na mwaka 1922 mafundi wake waligoma pamoja na wenzao wa reli nchini kote. Mishahara ikakatika. Kwa wenye migahawa midogo iliyowalisha watu hao hesabu ilikuwa moja: nyama ni ghali, kitunguu ni rahisi, basi kitunguu kijaze pengo. Masimulizi ya mji humtaja Ross Davis wa mgahawa wa Hamburger Inn kuwa mwanzilishi wa hambaga ya namna hiyo. Robert's Grill ilifuata mwaka 1926, Johnnie's Grill mwaka 1946, na hambaga ya kitunguu ikawa ndiyo chakula cha El Reno.

Ninachowaheshimia wapishi wale ni kwamba hawakuificha shida. Kitunguu hakikusagwa na kupenyezwa katika nyama ili mlaji asikione. Kiliwekwa juu, peupe, lundo linalokaribia ukubwa wa nyama yenyewe, kisha kikashindiliwa. Mgomo uliisha, nyama ikapatikana tena, na hakuna aliyepunguza kitunguu, kwa sababu utamu wake ulikuwa umeshajulikana.

Kazi yote imo kwenye kisu na mwiko. Kitunguu maji kikatwe nusu, halafu kichanjwe kwa upana wake, vipande vyembamba kiasi cha kuona ubao kupitia kwavyo. Hapa usiharakishe. Kipande kinene hubaki kibichi wakati nyama imeshaiva, na uzito wake hukibandua kutoka kwenye nyama. Vitunguu vyekundu vya masoko yetu vinafaa kabisa; ukali wake huisha motoni.

Nyama ya kusaga iwe na mafuta, kama sehemu moja kwa tano. Mwambie mwenye bucha asiyaondoe, maana hakuna mafuta mengine yatakayotiwa. Fanya donge la gramu 60 hadi 80, usilikande. Kikaango cha chuma kizito kipate moto wa wastani unaoelekea kuwa mkali. Weka donge, libonyeze kidogo, nyunyiza chumvi, rundika kitunguu, kisha ukandamize kwa mwiko bapa wa chuma, ukianzia katikati kwenda pembeni, mpaka nyuzi za kitunguu zizame na kingo za nyama zichanike.

Kuanzia hapo mikono itulie. Dakika mbili au tatu nyama inajijengea ganda la kahawia chini, na mafuta yake yanatambaa kuelekea nje. Mtu asiyezoea huanza kuchungulia na kusogeza, na ganda linabaki kikaangoni. Kingo zikishageuka rangi, sukuma mwiko chini kwa nguvu, ukikwaruza chuma chenyewe, geuza mara moja tu.

Sasa kitunguu kiko chini, na hapo ndipo ninapokiona kipaji cha waliobuni kitu hiki. Kitunguu kwa sehemu kubwa ni maji. Maji hayo yanakuwa mvuke unaopanda na kuiivisha nyama taratibu bila kuikausha. Yakishapungua, sukari ya kitunguu inaanza kuungua kwa utamu ndani ya mafuta ya nyama. Weka kipande cha jibini juu, kisha nusu mbili za mkate wa hambaga, moja juu ya nyingine, nusu ya juu ya mkate ndiyo ikigusa jibini. Mvuke uleule unaulainisha mkate na kuutia harufu ya kitunguu. Moto mmoja, maji ya kitunguu kimoja, kazi tatu.

Nyuzi zilizotoroka pembeni zitakuwa nyeusi nyeusi. Usizitupe, hizo ndizo watu hugombania.

Jibini ikilegea, ondoa nusu ya chini ya mkate, zoa vyote kwa mwiko bila kuacha kitunguu, uviketishe juu yake. Haradali kidogo na matango ya achari vinatosha. Nyanya na majani ya saladi mimi siweki: vinaleta maji baridi juu ya kitunguu kilichochukua muda wote huo kukaangika. Kula papo hapo, ikibidi ukiwa umesimama jikoni, wakati donge la pili liko motoni.