Chanda Kilichojivika Pete

Kwenye ruracio ya binamu yangu mwezi Agosti, shangazi alinishika mkono kabla hata hatujasalimiana vizuri. "Hongera! Kwani ni nani huyu na hatujaambiwa?" Nilikuwa nimevaa pete ya shaba yenye jiwe la plastiki, rangi ya strungi, kubwa kama yai la kware. Nilikuwa nimeinunua Toi kwa shilingi 300. Nikamwambia, shangazi, nimejinunulia tu. Akaniachilia mkono. "Sasa hiyo ni ya nini?"

Swali lake lilikuwa zuri na sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo, usiku, kwenye simu, bundles zikiisha, nikiangalia picha za pete kubwa za zamani ambazo wazungu huziita pete za kokteli.

Tuanze na methali. Chanda chema huvikwa pete. Tumeiandikia insha tangu primary, na sikumbuki mwalimu hata mmoja akiuliza: anayevika ni nani? Kitenzi chenyewe ni cha kutendwa. Kidole kinakaa pale kikiwa chema, kinangoja mtu aamue kwamba wema umetosha. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na posa hakuna. Kwa hesabu ya methali, vidole vyangu bado viko kwenye foleni.

Pete ya kokteli iliruka foleni hiyo. Husimuliwa kwamba ilishika kasi Marekani wakati wa marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, wanawake walipoanza kuingia baa za siri. Mara nyingi ilivaliwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa na mambo yake ya uchumba na ndoa. Hii ya kulia haikuwa na ahadi ya mtu yeyote. Ilikuwa kubwa ili ionekane ukiinua glasi, basi. Lakini pete nyingi za wakati ule zilikuwa bado ni hesabu ya mawe: almasi ngapi, zina uzito gani. Kelele tupu, ukiniuliza.

Kilichonivuta mimi ni kilichotokea miaka ya 1960, pale pete zilipoanza kufanana na sanamu. Watu wawili wanatosha kueleza.

Wa kwanza ni Andrew Grima, aliyezaliwa Rome mwaka 1921 na kufanya kazi London. Hakusomea usonara. Alikuwa mtu wa uhandisi, akaingia kwenye biashara ya vito ya baba mkwe wake, upande wa mahesabu. Mwaka 1948 wakaja ndugu wawili na sanduku la mawe makubwa kutoka Brazil ambayo masonara wa heshima hawakuyachukulia serious sana, na Grima akamshawishi mzee anunue yote. Baadaye akawa anasubu majani na vijiti halisi kuwa dhahabu, na kuacha kito kikae na kingo zake za asili. Dhahabu yake haing'ai kama sufuria mpya. Ina mikwaruzo na mikunjo kama gome la mti. Anachosema ni kwamba umbo lina thamani kuliko bei ya jiwe, na hapo niko naye kabisa.

Lakini nina shida naye. Mara nyingi, kando ya jiwe kubwa lenye ujasiri, Grima ananyunyiza vialmasi vidogo. Nikiviona nahisi kama amegeuka kumtazama tajiri usoni na kumwambia usijali, pesa yako bado iko hapa. Wateja wake walikuwa pamoja na Princess Margaret, kwa hivyo labda ilibidi. Bado, ni woga kidogo.

Wa pili hana woga huo. Björn Weckström alizaliwa Helsinki mwaka 1935, na pamoja na usonara ni mchongaji wa sanamu. Kuanzia 1963 alibunia kampuni ya Lapponia vito ambavyo dhahabu yake ilionekana kana kwamba imetoka mgodini jana. Halafu akafanya kitu ambacho sonara mwenye adabu hafanyi: akachukua fedha na kuiunganisha na akriliki. Plastiki, jamani. Pete yake inayojulikana sana inaitwa Petrified Lake, ziwa lililogeuka jiwe. Fedha imekaa kama mwamba, akriliki kama maji yaliyosimama ghafla. Yoko Ono aliivaa kwenye kipindi cha Dick Cavett mwaka 1971. Na kama umeona Star Wars ya 1977, ile sherehe ya mwisho, mkufu ulio shingoni mwa Leia ni wa Weckström pia. Angalia anachofanya pale: havikwi nishani. Yeye ndiye anayewavika wengine.

Kuna jambo picha za minada huficha. Pete inapigwa ikiwa peke yake, background nyeupe, imesimama kama mnara. Nzuri, lakini nusu yake haipo. Sanamu ya kawaida huja na kiti chake. Hii kiti chake ni kidole, na kidole kina joto, kinatokwa jasho, kinaelekeza, kinakuna pua. Ile plastiki yangu ya Toi inanilazimisha kushika kikombe tofauti. Ndani ya matatu naiangalia kuliko simu. Hiyo ndiyo maana ya sanaa ya kuvaliwa: inabadilisha mwendo wa mwili wako. Ikifungiwa kabatini imebaki kuwa chuma na bei.

Sasa, shangazi angeniuliza: mkono gani huo una nafasi ya kubadilishwa mwendo? Na hapa lazima nikubali. Huwezi kusonga ugali na ziwa la fedha kidoleni. Huwezi kufua, huwezi kukamua ng'ombe. Pete hizi zilitengenezewa mikono ambayo kazi yake ilifanywa na mikono mingine, na leo bei za minadani zimezirudisha kwa watu walewale. Sioni vile mtu anaweza kuzisifu bila kusema hivyo.

Lakini nafikiri hilo ndilo jibu la swali lake pia. Pete ya ndoa huvaliwa hata ukiosha vyombo. Hii lazima uivue kwanza, na ukiivaa tena umetangaza kwamba kwa sasa mkono huu haufanyi kazi ya mtu. Weckström alionyesha kwamba tangazo hilo linaweza kubebwa na plastiki. Kama ni hivyo, hata shilingi 300 inaweza.

Jioni ile, vyombo vilipoisha, shangazi aliniomba pete aijaribu. Viungo vya vidole vyake vimevimba kwa miaka ya shamba, ikakwama kote isipokuwa kidole cha mwisho. Akaunyoosha mkono mbele ya taa, akaugeuza hivi na hivi. Alikaa nayo hadi gari lilipokuja, na sikumwambia airudishe.