Atomi ya Salfa Kama Dirisha la Molekuli

Besi za DNA zikifyonza mionzi ya urujuanimno, nyingi huigeuza nishati hiyo kuwa joto kabla pikosekunde moja haijaisha, na molekuli hubaki salama. Weka salfa mahali pa oksijeni, kinga hiyo huyumba. Ndiyo maana watumiaji wa azathioprini, dawa inayozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa, huonywa wajikinge na jua: dawa hiyo huacha thioguanini, besi yenye salfa, ndani ya DNA yao.

Molekuli ya namna hiyo huenda wapi baada ya kupigwa na mwanga? Jibu ninalolithamini zaidi lilichapishwa mwaka 2022, kutokana na jaribio la leza ya FLASH mjini Hamburg, Ujerumani. Watafiti walichukua 2-thiourasili, besi nyingine yenye salfa, wakaipasha joto hadi ikawa mvuke ndani ya ombwe. Pigo la kwanza, la urujuanimno, liliiamsha molekuli. Pigo la pili, la eksirei, liling'oa elektroni ya ndani ya salfa, na kasi ya elektroni hiyo ikapimwa. Muda kati ya mapigo hayo hurekebishwa kwa kurefusha njia ya mwanga: mikromita 30 za ziada huleta femtosekunde 100 za kuchelewa.

Ustadi wenyewe uko kwenye salfa. Molekuli nzima ina atomi moja tu ya salfa, kwa hiyo elektroni hizo hazina asili nyingine. Chaji hasi ikiihama atomi hiyo, elektroni zake za ndani hushikwa kwa nguvu zaidi, na zinazong'olewa hutoka polepole. Kasi ikawa kipimo cha chaji mahali pamoja mahususi, jambo ambalo mbinu za kufuatilia ufyonzaji wa mwanga peke yake haziwezi kulionyesha waziwazi hivyo.

Matokeo yalinishangaza. Sehemu kubwa ya molekuli ilirudi kwenye hali ya chini kabisa ya nishati ndani ya femtosekunde 220 hadi 250, ilhali vipimo vya kwenye myeyusho vilikuwa vimetuzoesha kutarajia hali ya tripleti, ile inayoweza kuamsha oksijeni hadi iharibu DNA. Kasi ya elektroni pia ilipanda na kushuka kila femtosekunde 250, dalili kwamba molekuli zilikuwa zikihama na kurudi kati ya hali zilizoamshwa.

Hata hivyo, nisingeyahamishia matokeo haya moja kwa moja kwenye ngozi ya mgonjwa. Molekuli iliyo peke yake katika ombwe haina maji ya kuipokonya joto. Nishati yote hubaki ndani ikitikisa vifungo vyake, na kifungo dhaifu kinaweza kukatika baadaye.