Maneno ya Kiswahili katika Tuni za Misa

Hoja juu ya muziki wa Misa katika parokia zetu aghalabu huwa ni hoja ya asili ya tuni: ni ya Kizungu, au ni ya Kiafrika? Swali hilo lina uzito, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: neno la Kiswahili likitiwa katika tuni, je, hubaki neno, au huvunjika?

Yafaa tufikirie kanisa la kijiji kama Kabungu, katika Mkoa wa Katavi. Ukatoliki ulifika pande hizo kwa njia ya Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kituo ambacho Mapadre Weupe walikipokea kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885. Ibada yao ilikuwa ya Kilatini. Tena kwa Mbende wa huko Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya pili. Mwamini asiye na kitabu hulishika neno kwa sikio tu. Tuni ikilipotosha, hana pa kulisahihishia.

Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya liturujia, ya Desemba 1963, iliruhusu lugha za wenyeji, na ugumu ukaonekana mara. “Sanctus” lina silabi 2, “mtakatifu” lina 5. Likirudiwa mara tatu, silabi 6 zimekuwa 15. Hazitoshei tuni ile ile pasipo kubanwa.

Mkazo una taabu zaidi. Nyimbo za beti za Ulaya mara nyingi humaliza mstari kwa pigo zito. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Basi pigo huangukia silabi isiyostahili, na “Bwana” husikika kana kwamba limekazwa kwenye -na. Anayeliona jambo hili dogo na alikumbuke neno “barabara”: mkazo ukihama, njia hugeuka kuwa “sawasawa”.

Huenda mtu akajibu kwamba washairi wetu huhesabu mizani wala hawapimi mkazo. Ni kweli, lakini tuni za mashairi zilikua pamoja na lugha, na mwimbaji mmoja ana hiari ya kuvuta sauti apendavyo. Umati unaofuata kinanda hauna hiari hiyo.

La ajabu ni kwamba tuni ya kale ya Kigregoriani ya kuimbia zaburi yakifaa Kiswahili kuliko nyimbo hizo za beti. Sauti hukaa juu ya noti moja kwa silabi zozote zilizopo, nyingi au chache, kisha hugeuka penye mkazo wa mwisho. Kilatini kilidai noti ya ziada kwa neno kama “Dominus”, lililokazwa silabi ya tatu kutoka mwisho. Kiswahili ni nadra kuidai.

Kwa hiyo wanaotaka Kilatini kirudi na wanaotaka tuni za kienyeji peke yake hushika nusu nusu. Hati ile ile iliupa wimbo wa Kigregoriani nafasi ya kwanza, ikauheshimu na muziki wa wenyeji. Padre Stephen Mbunga alilijadili suala hili mwaka huo huo wa 1963 kwa upande wa sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Upande wa lugha nao wadai haki yake. Mtunzi na asome maneno kwa sauti kabla ya kugusa kinanda. Asipofanya hivyo, kwaya itaimba vizuri, na watu wa Kabungu watasikiliza tu sala iliyokuwa yao.