Mhadhara wa Hawking na Kigoda cha Mwanagenzi

Tarehe 29 Aprili 1980 Stephen Hawking alitoa mjini Cambridge mhadhara wa kukikalia kiti cha uprofesa cha Lucas, kiti ambacho kabla yake kilipata kukaliwa na Isaac Newton na Paul Dirac. Alikuwa na umri wa miaka 38, na maradhi yalikwisha kuudhoofisha ulimi wake, hata maneno yakasomwa kwa niaba yake na mmoja wa wanafunzi wake. Kichwa cha mhadhara kilikuwa swali: je, mwisho wa fizikia ya nadharia umeanza kuonekana? Aghalabu mhadhara huo hutajwa kwa ajili ya jibu lake kuhusu fizikia. Aya yake ya mwisho, inayowahusu wanafizikia wenyewe, hupitwa kama mzaha wa kuagana. Katika zama hizi za akili mnemba (jina ambalo kwa Mzanzibari kwanza ni kisiwa, kisha ndiyo mashine) aya hiyo ndiyo inayostahili kusomwa upya.

Kifani, ni kazi ya mtu anayejua kusimulia. Huanza kwa ahadi kubwa, kwamba kabla ya karne kwisha huenda ikapatikana nadharia moja kamili itakayoeleza nguvu zote za maumbile. Kisha msemaji anairudi ahadi yake mwenyewe, akikumbusha kuwa mara mbili kabla yake wataalamu walijiona wamefika. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilidhaniwa kuwa kilichosalia ni kupima tu unyumbufu, mnato na upitishaji joto wa vitu. Ikaja atomu, ikaja kwanta, dhana ile ikaporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Max Born naye aliwaambia wageni wa Göttingen kuwa fizikia waijuayo ingemalizika katika miezi sita. Mwaka 1932 ikagunduliwa nutroni, na hesabu zikaanza upya. Msomaji aliyekwisha kuonywa hivyo humpokea kwa tabasamu mgombea wa tatu anayeletwa mbele yake, yaani nadharia ya supagraviti.

Lakini tahadhari yote hiyo inaihusu nadharia. Inapofika zamu ya watu, tahadhari hutoweka. Katika sentensi chache za kumalizia Hawking asema kuwa kwa sasa kompyuta ni msaidizi anayehitaji kuongozwa na akili ya binadamu, ila kwa kasi inavyokua, yamkini itaishika kazi yote. Kwa hiyo huenda mwisho unaoonekana ni wa wanafizikia, hata kama si wa fizikia. Ni utani, tena utani mzuri. Ubaya ni kwamba umeachiwa kubeba hoja iliyo nzito kuliko zote zilizoutangulia, bila ya ushahidi wowote kuwekwa chini yake.

Kasoro iko katika taswira ya kazi yenyewe. Mwanafizikia wa aya ile ana vitu viwili tu mkononi: mlinganyo, na hesabu ya kuutatua. Supagraviti, mgombea wake Hawking, ndiyo shahidi bora dhidi ya taswira hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1988, A Brief History of Time, alieleza kuwa hesabu za kuhakikisha kama nadharia hiyo imeepukana na majibu yasiyo ukomo zilikadiriwa kuchukua si chini ya miaka minne hata kwa kompyuta, tena kwa hatari kubwa ya kukosea, na hakuna aliyekuwa tayari kujitwika mzigo huo. Baadaye hesabu za namna hiyo zilifanywa, ngazi baada ya ngazi, na Zvi Bern pamoja na wenziwe: ngazi ya nne mwaka 2009, ya tano mwaka 2018. Kompyuta zilitumika sana, hilo halikanushiki. Hata hivyo, mlango haukufunguliwa na kasi ya mashine. Ulifunguliwa na watu walioikimbia njia ya kale ya michoro ya Feynman, ambayo katika ngazi za juu huzaa vipengele visivyohesabika, wakatafuta njia ya pembeni. Mwaka 2008 Bern, John Joseph Carrasco na Henrik Johansson waliona kuwa hesabu ngumu ya nguvu ya mvutano yaweza kujengwa kutokana na nakala mbili za hesabu nyepesi ya nguvu za aina nyingine. Kompyuta yenye kasi mara elfu, iliyoelekezwa njia ya kale, ingeendelea kuhesabu michoro.

Mtetezi wa Hawking atajibu kuwa mashine za leo si zile za 1980, naye atakuwa na haki. Mwaka 2020 Silviu-Marian Udrescu na Max Tegmark walitangaza programu iliyopewa majedwali ya tarakimu, ikaivumbua upya milinganyo yote 100 waliyoitoa katika mihadhara maarufu ya Feynman. Huko CERN, katika mtambo mkubwa ambamo mafungu ya protoni hupishana mara milioni 40 kwa sekunde, mashine ndizo zinazoamua papo hapo kipi kihifadhiwe na kipi kitupwe. Na mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya fizikia yenyewe walipewa John Hopfield na Geoffrey Hinton kwa misingi waliyoiweka ya mashine kujifunza. Itoshe kusema kuwa ile milinganyo 100 ilikuwa imekwisha kujulikana, na majedwali yalikuwa yamekwisha kupangwa na mtu aliyejua ni vitu gani vinafaa kupimwa. Kuchagua cha kupima ni nusu ya fizikia, na huenda ni nusu iliyo kubwa.

Lakini nusu hiyo hupatikana wapi? Hapa ndipo mhadhara uliponyamaza kabisa. Neno kompyuta lilikuwa jina la watu kabla ya kuwa jina la chombo. Katika kituo cha kutazamia nyota cha Harvard waliitwa hivyo wanawake waliolipwa ujira mdogo kupima nuru ya nyota katika picha zilizopigwa juu ya vioo. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, alichapisha mwaka 1908 orodha ya nyota 1,777 zenye nuru ibadilikayo katika Mawingu ya Magellan. Mwaka 1912, kwa nyota 25 tu za wingu dogo, akaonyesha kuwa kadiri nyota inavyong'aa zaidi ndivyo inavyochukua muda mrefu zaidi kufifia na kurudi. Kwa kanuni hiyo, na kwa nyota ya aina hiyo aliyoikuta katika Andromeda mwaka 1923, Edwin Hubble alithibitisha kuwa ziko galaksi nje ya hii yetu. Kazi ile ya kupima vioo leo mashine ingeifanya, tena kwa usahihi zaidi. Ila mashine ingekuwapo wakati ule, Leavitt asingeajiriwa, na macho yake yasingekaa miaka juu ya vioo vile hata yakauona mpango uliofichika ndani yake.

Watunzi wa mashairi hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kuhesabu mizani 16 za mshororo kwa ncha za vidole ni kazi ya kitoto, na programu itaimaliza kwa kupepesa jicho. Lakini sikio la malenga hulelewa na vidole vile.

Mwanagenzi wa fizikia naye analelewa hivyo hivyo. Miaka yake ya uzamivu hupita katika kusafisha data, kuhakikisha hesabu za mwingine, kuandika programu na kusaka kosa la alama moja kwa wiki nzima. Ni hizo hizo kazi ambazo akili mnemba inazishika kwanza. Kwa hiyo uwezekano wa mashine kukikalia kiti cha Lucas ni mdogo, walau kwa muda unaoonekana. Uwezekano wa kigoda cha mwanagenzi kuondolewa mlangoni ni mkubwa. Mkuu wa maabara mwenye fungu dogo la fedha hatajiuliza kama fizikia inakwisha. Atauliza kwa nini amlipe kijana miaka minne kwa kazi inayoweza kwisha kabla ya adhuhuri, na swali lake halitakuwa la kipumbavu.

Hawking alijirudi baadaye, lakini kwa upande wa nadharia. Mwaka 2002 alieleza kuwa hakutarajia tena nadharia moja ya mwisho. Desemba 2014 aliiambia BBC kuwa akili mnemba iliyokamilika yaweza kuwa mwisho wa binadamu wote. Baina ya mwisho wa fizikia na mwisho wa binadamu yupo mtu mmoja mwenye shahada mpya anayetafuta mahali pa kuanzia, na kati ya kauli hizo mbili kubwa hakuna inayomtaja.