Pongezi kwa Fundi wa Injini Ndogo

Ustadi wa fundi wa injini ndogo huanza kwa kuuliza. Akiletewa trekta dogo la kukatia nyasi linalozimika ovyo, hagusi spana kabla ya kujua linazimika wakati gani.

Likizimika dereva anapojiinua kidogo, hukagua swichi ya kiti na nyaya zake, kwa kuwa kazi ya swichi hiyo ni kukata moto kiti kikiwa kitupu. Likizimika baada ya muda, kisha likawaka tena likipumzishwa, washukiwa wakuu ni wawili. Wa kwanza ni kifuniko cha tangi: tundu lake la hewa likiziba, petroli huacha kushuka. Fundi hukilegeza, na injini ikiendelea kunguruma, jibu limepatikana. Wa pili ni koili, ambayo ikichakaa hupoteza cheche inapopata joto. Ndiyo maana hupimwa injini ingali ya moto.

Mngurumo ukipanda na kushuka kabla ya kuzima, zamu ni ya kabureta. Petroli iliyokaa miezi mingi huacha utando unaoziba jeti. Fundi humwaga mafuta hayo, hubadilisha filta, huzibua vijitundu na kutia mafuta mapya.

Utaratibu huu ndio unaostahili pongezi. Humwokoa mteja asinunue kabureta mpya wakati kasoro iko kwenye kifuniko, na maarifa hayohayo ya mafuta, hewa na cheche hufufua jenereta na pampu za maji.