Pishi Mbili

Mfanyabiashara mwenye pishi mbili, kubwa ya kununulia na ndogo ya kuuzia, hulaumiwa sokoni bila ya hoja ndefu. Erin Hengel, mwanauchumi, ameuliza kama lawama hiyo yawapasa pia wapimao elimu. Makala yake yalitolewa mwaka 2022 katika jarida la Uingereza liitwalo The Economic Journal, baada ya kuzunguka miaka kadhaa katika hali ya rasimu. Swali lake ni jepesi kutamka, zito kujibu: je, maandishi ya wanawake hupimwa kwa pishi kubwa kuliko ya wanaume?

Majarida aliyoyachungua ni manne yenye heshima kuu katika fani hiyo: American Economic Review, Econometrica, Journal of Political Economy na Quarterly Journal of Economics. Achapwaye humo hupata cheo, na neno lake hunukuliwa. Hengel alichukua mihtasari ya makala zaidi ya 9,000, akaipima kwa kanuni tano zinazotazama urefu wa sentensi na uzito wa maneno. Mihtasari ya wanawake ilisomeka vyema zaidi, kwa asilimia 1 hadi 6.

Hapa mhakiki wa fasihi ana haki ya kusita. Ufasaha hauhesabiwi kwa silabi. Sentensi fupi yaweza kuwa tupu, na ndefu ikang'aa. Kama hoja ingalikoma hapo, ingalikuwa dhaifu. Lakini haikukoma. Hengel alilinganisha rasimu na chapa ya makala yale yale, akaona kuwa tofauti iliongezeka miswada ilipokuwa mikononi mwa wapimaji. Tena, katika Econometrica, miswada ya wanawake ilikawia karibu nusu mwaka zaidi kabla ya kukubaliwa. Kipimo ni butu, ila kimetumika sawasawa kabla na baada. Kilichozidi ni kazi iliyodaiwa.

Nia ya mpimaji haionekani katika hesabu, yaonekana gharama. Miezi ya kusugua sentensi ni miezi iliyonyang'anywa makala ya pili, na wakati wa kupandishana vyeo idadi ya makala huhesabiwa. Hivyo aandikaye vizuri zaidi huonekana kuwa ameandika kidogo. Elimu ambayo kazi yake ni kueleza thamani na bei haina udhuru wa kuweka pishi mbili mlangoni pake.