Maneno Manne ya William Tyndale

Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza hufundishwa mapema kuistahi Biblia ya mwaka wa 1611, ile iitwayo kwa jina la Mfalme James. Huambiwa kuwa ni ajabu ya pekee: kitabu kizuri kilichoandikwa na baraza. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama kanuni ya sarufi, hakuna anayeyahoji. Mimi sina ugomvi na uzuri wa kitabu; ugomvi wangu ni juu ya urithi. Wataalamu wawili waliopima sampuli neno kwa neno, wakatoa matokeo yao mwaka wa 1998, waliona kwamba katika Agano Jipya la 1611 zaidi ya maneno nane katika kila kumi ni ya William Tyndale, mtu aliyeuawa miaka sabini na mitano kabla ya kitabu hicho kupigwa chapa. Baraza lilikabidhiwa nyumba iliyokwisha kujengwa. Lilipaka chokaa, likabadili milango michache, na milango hiyo ndiyo nitakayo kuisema hapa.

Ya kale niyapite upesi. Beda, mtawa wa kaskazini ya Uingereza, alikuwa akiifasiri Injili ya Yohana alipofariki mwaka wa 735, na kazi hiyo haikutufikia. Katika karne ya kumi padre Aldred aliandika Kiingereza cha siku zake kati ya mistari ya Kilatini ya Injili za Lindisfarne, kila neno juu ya neno lake, kama mwanafunzi aandikavyo maana pembeni mwa kitabu. Wafuasi wa John Wycliffe, baada ya 1380, ndio waliotoa Biblia nzima kwa Kiingereza. Lakini walifasiri kutoka Kilatini, yaani walifasiri tafsiri. Mwaka wa 1409 Askofu Mkuu Arundel alikataza mtu yeyote kufasiri Maandiko kwa Kiingereza bila idhini ya maaskofu. Mwaka wa 1428 mifupa ya Wycliffe, aliyekwisha lala kaburini zaidi ya miaka arobaini, ilifukuliwa ikachomwa. Hayo yatosha kuonyesha hali ya nchi aliyozaliwa Tyndale.

Tyndale alisoma Oxford, akajua Kiyunani vizuri, na baadaye akajifunza Kiebrania wakati ambapo Waingereza waliokijua walikuwa haba sana. Mwaka wa 1523 alikwenda London kumwomba Askofu Tunstall amlinde na kumpa nafasi afasiri. Hakuipata. Mwaka uliofuata alivuka bahari, wala hakurudi tena kwao. Alianza kupiga chapa mjini Cologne mwaka wa 1525, akagunduliwa, akakimbia na karatasi zake. Na mwaka wa 1526 Agano Jipya lilitoka Worms, kitabu kidogo cha kutiwa mfukoni, kikaingizwa Uingereza kwa siri. Tunstall aliamuru vichomwe. Nakala zijulikanazo leo ni tatu tu.

Sasa tuyatazame yale maneno. Palipo na neno la Kiyunani *ekklesia*, Tyndale hakuandika *church*, aliandika *congregation*, yaani mkutano wa watu. Palipo na *presbyteros* hakuandika *priest*, padre. Aliandika kwanza *senior*, na katika toleo la 1534 *elder*, yaani mzee. Neno la kutubu alilifasiri kuwa ni kugeuka moyo, *repent*, wala si kutimiza kitubio alichopewa mtu na padre wake. Na *agape*, ambalo Kilatini kililiita *caritas* na Waingereza wakalizoea kuwa *charity*, yeye aliliita *love*, upendo mtupu. Maneno manne tu. Lakini ukiyaondoa yale ya kale, umeondoa jengo, mhudumu wake, malipizi yake, na sadaka zake. Msomaji wa kawaida angeweza kufunga kitabu akajiuliza ni wapi katika Agano Jipya pametajwa mambo ayaonayo parokiani kwake.

Thomas More aliliona hilo mara moja. Kitabu chake cha kwanza juu ya Tyndale kilitoka mwaka wa 1529; Tyndale akajibu mwaka wa 1531; More akarudi tena kwa kurasa nyingi kupita kiasi, nyingine za matusi ambayo mtu hapendi kuyakuta kwa mwanachuoni wa cheo chake. Wahakiki wengi humcheka More. Nathubutu kusema wanakosea. Hoja yake ilikuwa kwamba neno ni la wale walitumialo. Waingereza kwa karne nyingi walikuwa wamelitia neno *church* maana yao, nayo ndiyo maana yake. Mfasiri hana ruhusa ya kulitupa neno la watu na kuokota jingine kwa kuwa kamusi ya Kiyunani inamruhusu. Hiyo ni hoja nzito, na mfasiri yeyote aliyewahi kuketi na kazi yake ataitambua. Tyndale naye alijibu kwa ustadi: Erasmus, rafiki wa More mwenyewe, alikuwa amekwisha kuliandika *congregatio* katika Kilatini chake, na More hakumpigia kelele.

Hapa mswahili ana la kusema. Neno *church* kwa asili latokana na Kiyunani chenye maana ya kitu cha Bwana, nyumba ya Bwana. Neno letu *kanisa* tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata katika Kiaramu, ambamo maana yake ilikuwa mkusanyiko. Basi wafasiri waliofika pwani yetu karne ya kumi na tisa walilikuta neno ambalo katika mzizi wake ni la Tyndale, na katika matumizi yake ni la More. Wala hapana aliyeteta nao.

Hoja hizo mbili hazikuishia katika karatasi. More alikatwa kichwa mwezi wa Julai 1535, kwa kuwa hakukubali kuapa kwamba mfalme ndiye mkuu wa Kanisa katika Uingereza: alikufa kwa ajili ya neno lile lile alilolitetea. Wakati huo Tyndale alikuwa kifungoni katika ngome ya Vilvoorde, karibu na Brussels. Ipo barua yake ya Kilatini kutoka huko. Anaomba kofia ya kumkinga baridi, nguo nzito, taa kwa kuwa jioni ni ndefu kuketi gizani, na zaidi ya vyote Biblia ya Kiebrania, sarufi yake na kamusi yake. Mwezi wa Oktoba 1536 alinyongwa, kisha maiti yake ikachomwa.

Na mwaka wa 1537, kabla majivu hayajapoa kama tusemavyo, ikatoka Biblia kwa idhini ya Mfalme Henry wa Nane, yenye jina la Thomas Matthew. Hapakuwa na mfasiri wa jina hilo. Mhariri alikuwa John Rogers, na sehemu kubwa ya kitabu ilikuwa ya Tyndale, pamoja na vitabu vya Yoshua hadi Mambo ya Nyakati ambavyo hakuwahi kuvipiga chapa. Mfalme aliyemwinda mtu alikiruhusu kitabu chake. Rogers naye alichomwa mwaka wa 1555, zamani za Malkia Mary.

Tufike 1611. Wanachuoni wapatao arobaini na saba, makundi sita, wakafanya kazi Westminster, Oxford na Cambridge kufuata kanuni walizopewa. Mojawapo iliagiza maneno ya kale ya kanisa yabaki, na *church* likatajwa kwa jina. Hivyo mlango wa kwanza ulibadilishwa kwa amri, si kwa elimu. Ingawa haki yataka tuseme kwamba Biblia ya Geneva ya 1560, ya watu waliokuwa wakimbizi, nayo ilikuwa imekwisha kulirudisha neno hilo. Katika ule mkutano wa ghasia wa Waefeso, kitabu cha Matendo, baraza halikuthubutu kuandika *church*. Liliandika *assembly*, japokuwa neno la Kiyunani ni lile lile. *Elder* lilibaki. *Repent* lilibaki. Na *charity* lilirudi katika sura ya kumi na tatu ya Wakorintho wa kwanza, huku mahali pengine neno hilo hilo la Kiyunani likiachwa kuwa *love*. Sijaona sababu ya kuridhisha ya mchanganyiko huo.

Kuna jambo jingine ambalo laonekana vizuri zaidi ukilitazama kutoka Kiswahili. Tyndale alisema kwamba Kiebrania chapatana na Kiingereza kuliko Kilatini, na alimaanisha mwendo wa sentensi. Kiebrania husimulia kwa kuunga kitendo na kitendo, na Tyndale aliukubali mwendo huo, akaandika *and* baada ya *and* pasipo kuona haya. Mwandishi aliyelelewa katika Kilatini angezifunga sentensi hizo kwa viungo virefu. Kwetu kazi hiyo hufanywa na silabi moja, -ka-, wala hakuna msikilizaji anayechoka. Kadhalika *thou* na *ye*: kwa Tyndale tofauti yake ni idadi tu, kama wewe na ninyi, kufuata Kiebrania na Kiyunani. Msomaji wa leo huona heshima kuu katika *thou*, kumbe mwaka wa 1611 lilikuwa neno la kumwambia mtoto au mtumishi, nalo lilikuwa likianza kutoweka katika mazungumzo. Mwanafunzi anayedhani kwamba London ya Shakespeare ilizungumza kama Biblia hii amedanganywa na Kiingereza cha mtu wa 1526.

Baraza lisidhulumiwe. Tyndale hakuufikia Ayubu, wala Zaburi, wala Isaya katika ukamilifu wake. Huko walianzia kwa Coverdale na wengine waliokuwa dhaifu katika Kiebrania, na ndiko walikoonyesha nguvu zao. Ayubu wa 1611 ni wao. Dibaji yao yenyewe, iliyoandikwa na Miles Smith, yakiri kwamba hawakukusudia kufanya tafsiri mpya, bali kuifanya njema kuwa njema zaidi. Walioidai ajabu ni wasifu waliokuja baadaye.

Marekebisho ya Agano Jipya yalipotoka mwaka wa 1881, *charity* liliondolewa na *love* likarudi mahali alipoliweka Tyndale. *Church* liliachwa lilivyo.